Kuchunguza Ukuaji wa Radi kwa Redio: Kutoka Mtwara Hadi Kwenye Setilaiti

Msimu wa mvua wa Kusini, unaoanza takriban Novemba na kuendelea hadi Aprili, ndio wakati mwafaka wa kuanza. Jioni, wingu linapojikusanya upande wa Newala, washa redio ya masafa ya kati, uiweke mahali pasiposikika kituo, kisha utulie. Mikwaruzo mikali inayokatiza mvumo ni mawimbi ya radi. Izungushe redio taratibu: sauti itafifia pale kijiti cheusi cha antena kilichomo ndani yake, ambacho kwa kawaida hulala kwa urefu wa redio, kinapoielekezea dhoruba ncha yake. Andika mwelekeo huo pamoja na saa.

Mkwaruzo mmoja, hata hivyo, umebeba matukio mengi, na kuyatenganisha ndiyo kazi yenyewe. Radi huanzia ndani ya wingu. Njia yake hushuka kwa hatua za makumi ya mita, ikitoa mapigo mafupi ya megahezi 30 hadi 300. Inapofika ardhini hupita mkondo mkubwa, kwa kawaida wa takriban ampea 30,000, na hapo hutoka wimbi zito lenye nguvu zaidi karibu na kilohezi 10, ambalo husafiri maelfu ya kilomita kati ya ardhi na ionosfia, yaani tabaka la juu la angahewa lenye chaji za umeme. Anayerekodi wimbi hilo peke yake huona kishindo bila kuona kilivyojengeka.

Ili kulinasa, waya uliozungushwa mara nyingi kwenye fremu ya mbao, kikuzaji kidogo na kadi ya sauti ya kompyuta vinatosha. Simika fremu mbali na nyaya za umeme, kwa sababu mvumo wao wa hezi 50 hufunika kila kitu. Ngurumo ikifuata mmweko kabla ya sekunde 30 kwisha, ingia ndani ya jengo imara, wala usirudi kuchomoa waya.

Ugumu halisi uko kwenye muda. Ili kujua radi ilipopiga kwa kulinganisha wakati wimbi lilipofika kila mahali, vituo vinne, tuseme Mtwara, Lindi, Masasi na Newala, vinahitaji saa zinazoongozwa na GPS, kwani kosa la maikrosekunde 1 ni sawa na mita 300 za safari ya wimbi.

Setilaiti husikiliza masafa ya juu, kwa kuwa ionosfia huzuia ya chini. FORTE, iliyorushwa na Marekani mwaka 1997, ilifanya kazi hiyo. Katika rekodi za namna hii, kati ya masafa yanayopenya ionosfia, ya chini huchelewa kuliko ya juu. Ondoa kwanza ucheleweshaji huo kwa hesabu. Baadhi ya radi za ndani ya wingu zitajitokeza kama mapigo mawili, la pili likiwa limeakisiwa na ardhi. Setilaiti ikiwa utosini na mapigo yakipishana kwa maikrosekunde 60, la pili limesafiri kilomita 18 zaidi, kwenda na kurudi. Chanzo kilikuwa kilomita 9 juu ya ardhi.

Mwishowe toa muda wa safari hadi kwenye setilaiti, kisha uweke rekodi hiyo sambamba na ya ardhini. Mapigo ya masafa ya juu yakilitangulia wimbi zito, unaitazama radi ikishuka.