Klorini au taa za UV kwenye maji taka yaliyosafishwa: namna ya kuchagua, na pa kuangalia majibu ya maabara yakiwa mabaya

Mtu akiniuliza afunge taa za UV (mwanga usioonekana unaoua vijidudu) au aweke klorini kuua vijidudu vilivyobaki kwenye maji, mi huwa namrudisha kwanza kwenye tenki la kutuamishia, maji yanatoka yakoje pale? Kama yanatoka na ukungu na vitope vinaelea basi hata ununue nini utaumia, bakteria wanajificha ndani ya vile vitope, dawa haiwafikii wala mwanga hauwafikii. Hela ya kwanza itumie huko nyuma, kwenye kutuamisha na kuchuja.

Halafu pima. Chembe zinazoelea, amonia, naitraiti (amonia iliyogeuzwa nusu njia na bakteria), pH (kipimo cha uchachu), na asilimia ya mwanga wa UV (ule wa nanomita 254) inayopenya kwenye maji. Chukua sampuli siku tofauti na saa tofauti, hasa ile saa maji yanapoingia kwa wingi kuliko zote maana hapo ndo mtambo unaposhindwa, sampuli moja ya saa tulivu inakudanganya.

Ukishakuwa na namba, kuchagua kunakuwa kwepesi. Kama mwanga unapenya asilimia 65 kwenda juu, chembe ni chache, na umeme haukatikikatiki, mi ningeenda UV moja kwa moja, haiachi kemikali, sekunde chache tu maji yameshapita, na inawamaliza kriptosporidiamu (vimelea wa kuharisha) ambao klorini haiwawezi. Ila haiachi ulinzi wowote nyuma, kwa hiyo kama maji yatakaa kwenye tenki au yatasafiri bomba refu kabla ya kutumika bado utahitaji klorini kidogo. Klorini yenyewe vifaa vyake ni rahisi lakini inataka muda, kawaida tunapanga dakika 30 za maji kukaa na dawa na zisishuke chini ya 15 hata kwenye kilele, na kama maji yanaishia mtoni lazima uiondoe kwa salfaiti au metabaisalfaiti, samaki wanakufa kwa kiasi kidogo mno. Hili nalisisitiza kwa kila fundi ninayemfundisha. Ozoni ina nguvu ila ni ghali na inataka uangalizi wa karibu, kwa mtambo mdogo iache. Na kama una ardhi pana na jua la kutosha, mabwawa ya kukomazia maji yanafanya kazi bila umeme wala dawa, usiyadharau.

Sasa matatizo. La klorini linalosumbua watu kuliko yote ni hili, dozi unaongeza, mabaki ya klorini (ile inayobaki majini baada ya kufanya kazi) yanasoma sifuri. Usiongeze tena. Chukua sampuli ileile, ichanganye na maji safi yasiyo na klorini, sehemu moja ya sampuli kwa tisa za maji, upime upya, maana ile dawa ya kupimia ya DPD, inayogeuka pinki ikikuta klorini, klorini ikizidi sana inaiunguza rangi na wewe unaona maji meupe unadhani hakuna kitu.

Kama kweli ni sifuri, pima naitraiti. Kuna mtambo niliwahi kufanya kazi tulipandisha dozi siku tatu mfululizo, pipa zinaisha na majibu bado mabaya, kumbe hewa ilikuwa haitoshi kwenye tenki la hewa, bakteria wanaigeuza amonia wanaishia katikati, naitraiti inabaki. Miligramu 1 ya nitrojeni ya naitraiti inakula kama miligramu 5 za klorini, hutashinda hiyo vita kwa pampu ya dozi. Dawa yake ni kuongeza hewa ili mageuzi yaishe mpaka naitreti, tulivyofanya hivo klorini ikarudi yenyewe.

Wakati mwingine unaongeza dozi mabaki yanashuka badala ya kupanda. Hiyo ni amonia. Klorini ikiwa chini ya mara 5 ya nitrojeni ya amonia kwa uzito inaungana na amonia kutengeneza kloramini na mabaki yanapanda vizuri, ukivuka hapo inaanza kuziharibu kloramini zenyewe mpaka ufike kama mara 8 hadi 10. Kwa maji yenye amonia nyingi rudi upande wa chini, ila ujue kloramini ni taratibu, zipe muda zaidi.

Mengine ni ya kawaida, klorini ya maji iliyokaa juani inapoteza nguvu, pampu yake inashika hewa inazunguka bila kusukuma, tenki ambamo maji hukaa na dawa limejaa tope chini au maji yanakata kona badala ya kupita njia yote.

Kwa UV angalia mirija ya kwatzi (vioo vinavyofunika taa) kabla hujalaumu taa. Chokaa na chuma vinaganda juu yake, hasa kama huko nyuma unatumia chumvi za chuma kuondoa fosforasi. Ioshe kwa asidi ya sitriki, uioshe na sensa (kifaa cha kupima mwanga) pia maana ikichafuka inasoma uongo. Na hiyo asidi ikae mbali kabisa na klorini, zikikutana inatoka gesi inayoua. Kisha hesabu saa ambazo taa zimeshawaka, kisha kina cha maji kwenye mfereji, yakipanda sana juu ya taa yanapita bila kupigwa mwanga.

Kabla hujabomoa chochote hakikisha chupa ya sampuli ilikuwa tasa, ina thaiosalfeti ya kuzima klorini, na imefika maabara ikiwa baridi siku hiyohiyo. Chukua na sampuli mbili, moja palepale baada ya dawa au taa, nyingine mwisho wa bomba, ya kwanza ikiwa safi na ya pili chafu basi tatizo ni bomba, lisugue utelezi ulioota ndani.