Kutenga chembe nyeupe za damu: somo kwa wenzetu wa labo Bukavu

Ndugu zangu, somo hili ni la wanaotaka limfositi na monositi, aina mbili za chembe nyeupe, zikiwa hai kwa utafiti. Njia ni ya Arne Bøyum wa Norwei, aliyoichapisha mwaka 1968: damu hutandazwa juu ya Ficoll, kimiminika chenye gramu 1.077 kwa mililita. Chembe nyekundu na granulositi, aina nyingine ya chembe nyeupe, huzama. Mnazozitaka hubaki juu ya Ficoll.

1. Chukua damu kwa ridhaa ya mwenyewe, kwenye tibu ya heparini au EDTA, vizuia damu kuganda. Usiitie frigoni. Hata ikitoka Walungu au Kavumu, isafiri katika joto la chumba na ishughulikiwe siku hiyohiyo, ikiwezekana ndani ya saa 8. Damu iliyolala huleta shida: uzito wa granulositi hubadilika, nazo huingia katika tabaka lenu. Glavu ni lazima.

2. Changanya damu na PBS (maji ya chumvi yenye fosfati), nusu kwa nusu.

3. Hapa ndipo mkono unapojulikana. Tia Ficoll mililita 15 katika tibu ya mililita 50, iinamishe, kisha teremsha damu polepole sana ukutani mwa tibu. Mpaka kati ya damu na Ficoll ukionekana wazi, endelea. Ukivurugika, hakuna mashine itakayourudisha.

4. Zungusha katika sentrifuji kwa 400 g (g ni kipimo cha nguvu ya mzunguko), dakika 30, nyuzi 20, breki ikiwa imezimwa.

5. Fyonza kwa pipeti lile wingu jeupe chini ya plazma. Osha mara mbili kwa PBS: 300 g, halafu 200 g ili kupunguza chembe sahani (zile za kugandisha damu), dakika 10 kila mara. Hesabu kwa bluu ya tripani. Zilizokufa hunywa rangi. Kwa mtu mzima mwenye afya, tarajieni chembe kama milioni 1 kwa kila mililita ya damu.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, mashine yetu hapa Goma inaonyesha mizunguko tu, si g.

Dada, pima kwa rula kutoka katikati ya rota, sehemu inayozunguka, hadi kitako cha tibu inapozunguka. Ikiwa sentimita 16, weka mizunguko 1,500 kwa dakika upate 400 g.

Umeme ukikatika katikati ya hatua ya 4?

Usiitikise tibu. Mara nyingi rota husimama yenyewe taratibu, kama breki ilivyozimwa, hivyo tabaka huweza kusalimika. Ikiwa wekundu bado umening'inia ndani ya Ficoll, umeme ukirudi zungusha tena.

Kwa nini granulositi hatuzipati?

Zimezama pamoja na chembe nyekundu. Ukizitaka, zitafute chini.