Usiziache Nyaya Heathrow: Kuunda Kompyuta ya Kazi na Gemu ya Kupeleka Nyumbani

Ndugu zangu mlio ughaibuni, kabla sijataja prosesa wala kadi ya grafiki, nisikizeni hili kwanza: pawa saplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta, ikisafiri, isafiri na nyaya zake. Zote, ndani ya mfuko uleule uliotoka nao dukani. Ukiishia hapa usisome zaidi, utakuwa umepata kilichonigharimu mimi miezi minane ya kudunduliza.

Dadangu mdogo yuko Bamburi, anahariri video za arusi. Mwajua kazi hiyo kwetu ilivyo. Siku ya kupamba, wanawake wamevaa dhahabu zao na vichwa wazi, mpiga picha ni mwanamke na mhariri ni mwanamke, na picha zile hazitakiwi kuonwa na mwanamume yeyote. Laptopu yake ilikuwa ikikesha ili kutoa video ya saa mbili. Jioni akichoka hucheza gemu ya mpira na wanawe, na huwafunga bila huruma. Akaniambia, "Kaka, niundie kompyuta yenye nguvu, ya kazi na ya kucheza." Mimi naishi Coventry, Uingereza, nikasema hili dogo.

Vipande nilivyochagua bado navitetea. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ni Ryzen 7 5700G, kori nane, kwa sababu ina grafiki yake ndani: kadi kubwa ikichelewa au ikifa, kompyuta bado inaonyesha picha na kazi inaendelea. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni hazina hiyo, na jamaa wengi huzinunua kwa urahisi wa bei, kisha hukaa wakitazama skrini nyeusi. Madabodi, ile bodi kuu inayobeba vipande vyote, ni ya B550, maana prosesa hiyo hukaa kwenye soketi ya AM4 na ramu yake, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni ya aina ya DDR4. Soketi mpya ya AM5, iliyotoka 2022, inataka DDR5 na haiingii DDR4 hata uisukume na goti. Ramu GB 32, vijiti viwili vya 16. SSD, diski ya kuhifadhia, ya NVMe inayochomekwa kwenye madabodi yenyewe, TB 1. Kadi ya RTX 3060 yenye GB 12, si ya GB 8, kwa kuwa video za 4K, zile za picha kali sana, hula kumbukumbu ya kadi. Pawa saplai ya wati 650. Basi, hayo ndiyo ya kuchagua. Kuyaunganisha ni bisibisi moja na alasiri moja.

Sasa njooni kwenye msiba.

Pawa saplai niliyonunua ilikuwa ya nyaya za kuchomoka. Nyaya za madabodi zimeungwa ndani moja kwa moja, lakini za diski na za kadi huja kando, kwenye mfuko mweusi wa kitambaa. Mtoto wa ami alikuwa anasafiri, nikampa sanduku. Pale uwanja wa ndege wa Heathrow, London, mzani ukasoma kilo 25 na ruhusa ni 23. Akafungua, akatafuta cha kupunguza, akauona mfuko wa nyaya. Akautoa pamoja na jozi ya viatu, akamwachia rafiki aliyemsindikiza. Nilipompigia simu baadaye alinijibu kwa utulivu wote: "Nyaya si ni nyaya? Mombasa zimejaa tele."

Simlaumu sana. Angekuwa ameacha chaja ya simu angekuwa sahihi. Lakini sikizeni, na muwasomee watoto wa ami zenu wote wanaobeba masanduku: nyaya za pawa saplai si nyaya tu.

Fundi mmoja mjini akampa dada nyaya za pawa saplai ya kampuni nyingine. Dada akachomoa SSD ya inchi 2.5 kutoka kwenye laptopu yake ya zamani, ile yenye video za arusi tatu, ili aihamishie kwenye mashine mpya. Waya ukaingia upande huu, ukaingia na upande ule. Haukulazimishwa, ulilia kaa! kama unavyotakiwa. Akabonyeza kitufe. Feni zikazunguka robo mzunguko zikasimama, na kwenye kona ya SSD pakatoka uzi mwembamba wa moshi. Harufu yake, anasema, ni kama ya ndoano za samaki zilizochomwa pamoja na plastiki. Madabodi nayo haikuwaka tena.

Kisa chenyewe ni hiki. Upande wa waya unaoingia kwenye diski una umbo moja dunia nzima: plagi ya SATA yenye pini 15. Upande unaoingia kwenye pawa saplai hauna sheria. Kila kiwanda hupanga pini zake kinavyotaka, na plagi zao zinafanana kama mapacha. Pale ambapo kiwanda hiki kimeweka volti 5, kile kimeweka 12. SSD ile inangoja 5, inapigwa 12, inakufa kabla hujaondoa kidole. Na usidhani jina moja kwenye boksi ni salama, maana kampuni ileile hubadilisha mpangilio kati ya toleo moja na jingine. Kilichopona ni NVMe, inayopata umeme wake kupitia madabodi, na ile kadi, kwa sababu dada alikuwa hajaichomeka bado.

Kwa hiyo nasema tena. Funga mfuko wa nyaya kwenye pawa saplai yenyewe kwa selotepu, zungusha mara tatu, andika juu kwa kalamu nene: ZA HII TU. Zikipotea, agiza kwa kiwanda kilekile kwa namba kamili ya modeli, na mpaka zifike, kompyuta ikae kwenye boksi lake. Fundi akikwambia "hizi zinaingia", mjibu kwamba kuingia zinaingia. Na kama unatuma kwa mtu asiye na subira, sahau urembo wa kesi ya kioo: nunua pawa saplai ambayo nyaya zake zote zimeungwa ndani na hazichomoki. Inaonekana kama pweza, lakini hakuna atakayezisahau Heathrow.

Kosa la pili ni langu mwenyewe. Nilinunua kidogo kidogo, prosesa Machi, madabodi Mei, kadi Novemba wakati wa bei za kutupa. Sheria ya hapa Uingereza ni nzuri kwa mnunuzi: ukinunua mtandaoni una siku 14 tangu upokee mzigo kubadili nia bila kutoa sababu, na kitu kibovu una siku 30 za kukikataa na kurudishiwa pesa zako zote. Lakini mimi vitu vyangu vililala chini ya kitanda. Nilipowasha mara ya kwanza (yaani dada alipowasha, Bamburi), siku hizo zote za kurudisha zilikuwa zimekwisha. Ungeni mashine huku huku. Iwasheni, ipigeni gemu zito usiku mzima, ndipo muibomoe na kuifunga. Nilipoandika kuulizia dhamana ya madabodi, dada wa huduma kwa wateja aliniomba radhi mara sita kwenye barua pepe moja, na mara zote sita akakataa. Nyaya zisizo zao, nchi isiyo yao.

Hawa watu nimewazoea lakini sijawaelewa. Wanarudisha pesa kwa mtu wasiyemjua maadamu ana risiti, ila jirani yangu wa ukuta kwa ukuta tuliongea mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, alipopokea kifurushi changu mimi nikiwa kazini. Tena wanatupa. Kwenye jaa la manispaa nimeona kesi nzima za kompyuta, feni zinazunguka vizuri, na mlinzi hakuniruhusu kuchukua hata skrubu. Kwetu kitu hicho kingekuwa na warithi wanne kabla ya kufa, na huenda ndiyo sababu mafundi wetu wana ujasiri wa kuunga chochote na chochote.

Mlioko Marekani, kagueni jambo moja zaidi. Nyuma ya baadhi ya pawa saplai, hasa za bei rahisi, kuna swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Umeme wa kwetu ni volti 240. Swichi ikiwa kwenye 115 mtasikia mlio kutoka huko huko Houston. Sisi wa Uingereza plagi yetu ni ileile ya meno matatu ya nyumbani, hilo tumesalimika.

Forodha mwaijua, sina la kuwafundisha. Wekeni risiti karibu.

Kuhusu Mombasa yenyewe: kesi iwe na uso wa wavu, feni mbili za mbele na moja ya nyuma, kwa kuwa joto la kaskazi mwezi wa Februari halina mzaha, na chumba cha dada hakina AC. Isikae mkabala na dirisha la baharini. Chumvi ya hewa hula skrubu za kesi kwanza, kisha huingia ndani. UPS, ile betri ya akiba stima ikikatika, ni lazima kwa stima yetu, lakini msidanganywe na namba kubwa kwenye boksi: VA 650 mara nyingi ni wati zisizofika 400, na kadi ile peke yake hula 170. Inatosha kuhifadhi kazi na kuzima, si kumaliza mechi. Na kuhusu mechi za mtandaoni, nyaya za intaneti za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa 2009, lakini seva za gemu nyingi ziko mbali. Mpira utachelewa kidogo, na shabaha zenu zitachelewa nao.

Nilinunua madabodi nyingine. Safari hii niliiunga jikoni kwangu pamoja na pawa saplai ya pweza, nikaiwasha, nikaitazama siku mbili. Imefika na inafanya kazi. Video ya saa mbili inatoka kabla dada hajamaliza kuswali na kula.

Arusi mbili kati ya zile tatu zilikuwa bado kwenye kadi za kamera. Ya tatu haikuwako. Mama wa bibi arusi alikuja, akakaa, hakusema neno baya, na hilo lilimuuma dada kuliko matusi. SSD ile ingali kwenye droo, imefungwa kwa kitambaa. Mafundi wa kufufua data tuliowapata wote ni wanaume, na dada hataki hata kusikia. Kama mnamjua fundi wa kike wa kazi hiyo, Mombasa au popote pale, nijulisheni.