Namna ya kupitisha kozi yako chuoni ihesabike masomo ya kimataifa

Walimu wenzangu wa vyuo vya huku kusini, hili swali naulizwa sana sasa naliandika moja kwa moja. Una kozi ya historia, uchumi au sosholojia na unataka mwanafunzi akiisoma ihesabiwe upande wa masomo ya kimataifa. Inawezekana kabisa, ila jina zuri la kozi halikusaidii kitu, wanaoipitisha wanaangalia kilichomo ndani.

Hatua ya 1. Anza na matokeo ya kujifunza, maana ndo yanasomwa kwanza. Ukiandika "mwanafunzi ataielewa historia ya Mtwara na Lindi" umeshakwama, hiyo ni kozi ya mkoa. Andika hivi: "ataweza kuchambua jinsi mpaka wa mto Ruvuma ulivyowekwa na wakoloni na unavyogusa biashara ya Tanzania na Msumbiji leo." Hapo kuna nchi mbili na kuna kitu cha kumpima mwanafunzi.

Hatua ya 2. Mada za wiki, na hapa ndo kazi ilipo. Watu wanabandika wiki moja ya utandawazi mwishoni afu wanashangaa kozi inarudishwa. Umataifa uwepo tangu wiki ya kwanza, na sisi hatuna haja ya kwenda mbali kuutafuta: Kionga, kusini ya mdomo wa Ruvuma, ilikuwa ya Wajerumani ikaishia kwa Wareno baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilianzishwa Dar 1962 na wapiganaji wake wakafunzwa Nachingwea, korosho yetu ghafi inapanda meli kwenda India na Vietnam. Alafu kuna Tendaguru, kule Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 mpaka 1913 na ipo makumbusho Berlin hadi leo, hiyo peke yake ni wiki mbili za mjadala juu ya urithi na nani mwenye haki nao (wanafunzi wanagombana mpaka kipindi kinaisha, raha tupu). Kila mada jiulize, nchi ya pili inafanya nini hapa? Kama imetajwa tu basi, toa.

Hatua ya 3. Krediti. Kwa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, kujisomea kukiwemo, kwa hiyo kozi ya krediti 10 lazima jumla isome saa 100. Piga hesabu vizuri tu.

Hatua ya 4. Mtihani na kazi za muhula viendane na hatua ya 1. Mada ziwe za nchi tatu afu maswali yote ya Tanzania tu? Hapo mjumbe mmoja makini wa bodi au seneti anakumaliza.

Hatua ya 5. Kabla hujapeleka popote nenda kaongee na idara yenye programu ya kimataifa, maana wao ndo watasema unarudia kozi yao. Wakikubali omba barua, iambatanishe, kisha ndo upite idara yako, bodi ya kitivo, halafu seneti. Shahada nzima mpya ni habari nyingine, hiyo lazima ifike TCU kupata ithibati.

Ikirudi na maoni usiandike insha ya kujitetea. Chora jedwali la safu tatu: hoja yao, ulichobadilisha, ukurasa wa ngapi.