Usitupe vipande unavyokata: vibandike ukurasa wa pili

Kwa anayetengeneza kitabu cha sanaa cha karatasi za kukata kwa mkono: kila umbo linalotoka kwenye mkasi, liweke, kisha ulipange kwenye ukurasa unaotazamana na ule uliokatwa. Nimejifunza hili kwa Friedrich Froebel, Mjerumani aliyefungua shule yake ya watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837. Katika kazi yake ya kukata karatasi, mabaki nayo ni sehemu ya mchoro.

Kunja karatasi ya mraba mara mbili, halafu ikunje kona kwa kona upate pembetatu yenye tabaka 8. Ukikata kwenye mkunjo unapata vipande 4 vinavyofanana. Ukikata upande ulio wazi unapata 8. Ndiyo maana vinapangika vyenyewe kuzunguka kitovu, bila rula. Na msomaji anaona tundu huku, umbo lake kule, kidole kinakwenda kulinganisha kabla hajaambiwa. Hapo ndipo falsafa ya Froebel inapokaa, mkononi.

Karatasi nzito itakuangusha. Tabaka zikiwa nene huteleza, za ndani zinatoka ndogo kuliko za nje, na vipande havilingani tena. Tumia ya gramu 80 kwa mita ya mraba au nyepesi zaidi. Gundi ya maji nayo hukunjamanisha ukurasa, kwa hiyo chukua ya kupaka ya kijiti. Vipande vidogo kuliko ukucha, viache. Hubanduka kitabu kikifunguliwa mara kwa mara.