Kabla bahari haijachemka: jipange kwa ajili ya watoto, sio wakubwa

Watu wengi wakisikia bahari imepata joto la ajabu wanangoja waone samaki wameelea tumbo juu, wasipowaona wanasema aah, safari hii tumepona. Hapo ndo tunapojidanganya. Mkubwa ana mapezi bwana, akisikia moto anashuka chini au anahama, ila yai na kile kichanga kilichotoka jana kinakaa palepale maji yalipokiweka. Kwa hiyo haya nayoandika ni kwa yeyote mwenye shughuli na bahari, mvuvi, mfugaji wa chaza, mlinzi wa kasa, mpiga mbizi, ayafanye mapema kabisa, maana joto likishaingia unabaki kuangalia tu.

Cha kwanza ni rekodi. Wataalamu hawaiti wimbi la joto kila maji yakiwa vuguvugu, wanaangalia joto la tarehe hizohizo kwa miaka mingi nyuma, kawaida 30, na hili la leo likizidi 90% ya hayo yote na likakaa hivyo siku 5 au zaidi ndo wanasema limekuja. Maana yake linaweza kuja hata msimu wa baridi, wewe ukaoga ukaona maji poa tu kumbe kwa samaki anayetaga kwenye baridi ni balaa. Sasa kama hujui kawaida ya maji yako utajuaje kuwa yamezidi? Kipimajoto, kamba, jiwe la kukizamisha, basi. Pima sehemu ileile, kina kilekile, saa ileile, andika kwenye daftari. Setilaiti zinasaidia sana lakini zinaona ngozi ya juu tu ya bahari, huko chini kunaweza kuwa na habari nyingine kabisa. Kwa watu wa matumbawe kuna ramani za bure za NOAA, lile shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, wanajumlisha digrii zilizozidi wiki hadi wiki, hesabu ikifika 4 tegemea kupauka, yaani matumbawe kuwa meupe, ikifika 8 tegemea vifo.

Cha pili, na hapa ndo nataka nikae kidogo, ni kalenda ya kutaga. Chukua yai la samaki uliweke chini ya lenzi. Kadude kadogo, mara nyingi hakafiki hata milimita 2, kanang'aa kama tone la mafuta na ndani unaona jicho jeusi na mkia unarusharusha. Halina mashavu ya kupumulia, oksijeni inapenya yenyewe kwenye ganda. Maji yakipata joto mwili wa mtoto unataka hewa zaidi, na maji hayohayo yanabeba hewa kidogo zaidi, ya digrii 20 yanashika kama miligramu 7.4 kwa lita, yakifika digrii 30 inabaki kama 6.2. Mkubwa angepepea mashavu harakaharaka, yai lipepee nini? Halafu kuna kiini, yale ndo masurufu yake ya safari. Joto linamfanya ayale mbiombio, anaanguliwa kabla ya siku zake, mdogo, mfuko mtupu, na pengine planktoni, vile viumbe vidogo vinavyoelea majini, alizotakiwa kuzila hazijatokea au zilishapita. Uchunguzi wa karibu aina 700 za samaki uliotoka mwaka 2020 ulionyesha hivyohivyo, kwamba mayai na wazazi walio kwenye kutaga wanavumilia joto kidogo kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yao.

Kwa hiyo andika, kila kiumbe unachokitegemea kinataga mwezi gani, bamvua au maji mafu, mwezi mpevu au giza. Utabiri wa joto ukiangukia humo unajua kabisa mazalia yale yaachwe, nyavu zisipite, nanga zisitupwe. Na yale majike makubwa yaacheni jamani, jike kubwa moja linatoa mayai mengi kuliko vijike kadhaa vyenye uzito uleule ukivijumlisha, najua ndo linalotamanika kwenye ndoo lakini ndo benki yenyewe.

Mwenye vizimba vya samaki yeye apunguze msongamano na avune waliokomaa mapema, na siku za joto apunguze chakula, samaki anayemeng'enya anatumia oksijeni nyingi. Pima oksijeni alfajiri, sio mchana, ndo saa inakuwa chini kabisa. Kuhamisha au kushikashika samaki wakati wa joto ni kuwamaliza.

Kasa wana kesi yao. Kinachoamua jike au dume ni joto la mchanga, panapokaribia digrii 29 wanatoka nusu kwa nusu hivi, juu ya hapo majike tu, ikizidi sana hawatoki kabisa. Kaskazini mwa Great Barrier Reef, ule mwamba mkubwa wa matumbawe huko Australia, walipopima kasa wadogo waliotokea fukwe za huko wakakuta zaidi ya 99% ni majike. Ufuo ukiwa na majike tu hauonekani una shida kwa miaka mingi, ndo ubaya wake. Kipimajoto kizikwe kwenye kina cha mayai kabla msimu haujaanza, na kivuli kiwe tayari, makuti au turubai.

Wapo watakaosema viumbe watazoea. Kiasi ni kweli, kuna samaki mdogo wa matumbawe, Acanthochromis polyacanthus, ambaye watoto wake wanahimili joto vizuri wazazi wakiwa wamekulia kwenye joto. Ila hiyo inachukua vizazi, wimbi la joto linachukua wiki.

Mwisho weka pembeni bajeti na watu wa kuhesabu baadaye, maana bili inakuja kwa kuchelewa. Great Barrier Reef ilipauka 2016 na 2017, mwaka 2018 walipohesabu matumbawe mapya yaliyojishika miambani yalikuwa pungufu kwa 89%, wazazi wamekufa nani azae? Shark Bay, Australia, joto la 2011 lilikausha nyasi bahari, pomboo hawakuungua lakini walizaa kidogo kwa miaka kadhaa. Alaska, baada ya joto la 2014 mpaka 2016, chewa wa Pasifiki (wale wa maji baridi, sio hawa wa miambani) waliporomoka, na mwaka 2020 uvuvi wao kwenye maji ya serikali kuu ya Marekani katika Ghuba ya Alaska ukafungwa. Angalia hiyo miaka ilivyopishana. Kwa hiyo ukiwa na daftari, tenga kurasa za samaki wadogo pekee, urefu wa sentimita ngapi, wangapi kwa kila mtupo wa wavu wa kupimia, na usiache kujaza hata kama wakubwa wamerudi kwa wingi, wale ni wa kabla ya joto.