Kujua majaruba ya mpunga yameingia maji lini, kwa rada ya setilaiti ya Sentinel-1 (mfano wa bonde la Usangu, Mbeya)

Juzi nimemsaidia afisa ugani mmoja wa Mbarali anayetaka kuona kama upandikizaji unasogea mwaka hadi mwaka mvua zinavyovurugika. Alianza na NDVI, yaani kipimo cha ukijani wa mimea toka picha za setilaiti. Kwa kazi hii achana nayo: Januari juu ni mawingu matupu, halafu NDVI inasoma kijani na sisi tunatafuta maji. Rada inapenya mawingu.

1. Fungua Google Earth Engine (jukwaa la mtandaoni la kuchambua picha za setilaiti), chora majaruba unayoyajua kwa macho. Piseli ni mita 10, so chukua kundi linalopandikizwa pamoja.

2. Ita Sentinel-1, chaneli ya VH (nguvu ya mawimbi ya rada yanayorudi toka ardhini), Oktoba hadi Juni.

3. Hapa ndo watu wanalala macho. Setilaiti inapita ikielekea kusini alfajiri na ikielekea kaskazini jioni, kila njia ina pembe yake ya kutazama, ukizichanganya grafu ya VH inakuwa msumeno utadhani jaruba linajaa na kukauka kila wiki. Chuja kwa relativeOrbitNumber_start (namba ya njia ya setilaiti), chagua namba moja yenye picha nyingi na ubaki nayo miaka yote, inajirudia kila siku 12. Ukikuta picha zimepungua baada ya Desemba 2021 usihangaike na code yako, Sentinel-1B, moja ya setilaiti mbili zilizokuwapo, ilikufa mwezi huo. Halafu desibeli (kipimo cha logi): S1_GRD, seti ya kawaida ya data za Sentinel-1, inakuja tayari kwenye desibeli na ukipiga wastani hapohapo unapotoka. Mfano -10 na -20, wastani wa haraka ni -15, lakini ukizirudisha kwanza kwenye namba za kawaida (0.1 na 0.01) unapata kama -12.6. Mimi natumia S1_GRD_FLOAT tu, yenye namba za kawaida, napiga wastani, desibeli nageuza mwishoni.

4. Soma grafu. Jaruba likivurugwa na kujaa maji VH inaporomoka, mpunga ukichipua inapanda. Chini kabisa ndo tarehe yako, plus minus siku hizo 12. Panapobaki chini mwaka mzima ni bwawa. Kinamasi cha Ihefu ndo kiboko, nacho kinajaa maji na kuota majani, hapo mpigie simu mtu aliyeko shambani.

5. Rudia kila msimu, linganisha na mvua ya CHIRPS (makadirio ya mvua toka setilaiti na vituo vya hali ya hewa). Ila mvua usiichukulie juu ya majaruba, maji ya skimu za umwagiliaji yanashuka na mito toka milima ya Kipengere, so poligoni (eneo) ya mvua ichore huko juu.